Dakika Mbili

Kwetu Mudon, mtu akizimika hajashindwa bado.
Kona yake inadai dakika mbili, mara moja tu,
na refa huitazama saa kama mkopeshaji.

Kaka yangu alizimwa raundi ya tatu.
Si ngumi, si goti. Kichwa:
paji kwa paji, mlio wa nazi
inapogongwa kwa mgongo wa panga.
Akashuka polepole, kamba ikimkwaruza mgongo,
akaketi, kisha akalala
kama mtu wa zamu ya usiku aliyekuta mkeka umetandikwa.

Mimi ndiye wa barafu.
Mjomba alitaka mtu asiyetapika aonapo damu,
nami nachinja bata tangu nina miaka tisa.

Mjomba akamshika masikio yote mawili,
akayasokota kama akamuaye nguo.
Nikamwaga maji ya barafu kisogoni, kwapani,
hata pale dada hapaswi kumwagia kakaye.
Nyuma yetu zumari halikukoma.
Wapiga ngoma hulipwa kwa usiku, si kwa raundi.

Nusu dakika.
Mkono wake wa kulia umelala sakafuni,
shashi imelowa, vidole vimekunjuka.
Saa nane za usiku mkono huo hugema mpira,
taa kichwani, kisu kikizunguka gome
bila kulijeruhi kupita kiasi,
miti mia nne kabla ya jua,
utomvu ukidondoka kikombe kwa kikombe.
Hauna ghadhabu mkono huo.
Wanaorusha noti ulingoni hawajui.
Mkono mtupu haulambwi, wanasema.
Sisi tumeulamba: umelipa bati la paa,
umelipa madaftari yangu,
umelipa jeneza la mama.

Dakika moja.
Macho yakafunguka, yakanitafuta.
"Mi Rot," akasema, "tumeshaanza?"

Mjomba akacheka kwa furaha. Amesema! Vidole vingapi hivi?
Vitatu, kaka akajibu, na vilikuwa vitatu.
Lakini mjomba huonyesha vitatu kila mara.
Hata bata wetu wanajua ni vitatu.

Kona ya pili Saw Kler Htoo, Mkareni wa Hpa-An,
alikuwa hajagusa maji yake.
Alitutazama kama mtu aliyeangusha chombo cha wenyewe
na anangoja kuambiwa bei.

Hatuhesabu pointi sisi.
Kengele ya mwisho ikikukuta umesimama, mmetoka sare,
na sare ina pesa yake na heshima yake.
Kusimama tu. Raundi mbili, dakika sita.
Angeweza. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba angeweza,
kwa miguu isiyomwuliza kichwa ruhusa.

Refa akainua vidole kumi.
Nikainama sikioni, kwa lugha ya nyumbani:
ule mti wetu wa mwisho, wa kando ya mto,
kikombe chake ni cha rangi gani?
Akafikiri. Akatabasamu, damu kwenye kinga ya meno.
"Muulize mama."

Taulo lilikuwa begani mwangu.
Nililirusha vibaya. Likanasa kamba ya juu,
nusu ndani, nusu nje,
na refa akalitazama bila kujua asome upande gani.
Ikabidi nipande, nilisukume kwa kiwiko, likaanguka.

Walizomea hadi wauza miwa wakazomea.
Mjomba hakunisemesha mpaka mvua.
Kaka alininunia siku nane, kwa hesabu yake.
Kwa yangu zilikuwa kumi na moja.

Ya kumi na mbili, saa nane, akavaa taa,
akasimama mlangoni akanisubiri.
Tukagema hadi mtoni bila neno.
Kwenye mti wa mwisho akainamisha kichwa, taa ikamulika.
"Cha buluu," akasema.

Kilikuwa cha buluu.
Sikumjibu. Kwa mwanga ule
hata mgeni angepata.