Dakika Saba za Januari

Mji wetu umebanwa na milima, magharibi ya Aislandi,
kama kidole kilichosahaulika mlangoni.
Jua huondoka Novemba bila kuaga
na hurudi Januari, tarehe ishirini na tano,
saa nane kasorobo mchana, mawingu yakipenda.
Hukaa dirishani kwa Sigurlaug dakika saba.
Tumepima. Yaani, Thorkell alipima mwaka jana
kwa saa ya jikoni, ile ya kuchemshia mayai,
na tangu hapo bajeti yetu nzima
imesimama juu ya yai hilo.

Jumatatu tulikaa mezani kwa Hallbera,
giza limeshika madirisha tangu alasiri,
na mimi mwenye kalamu ya risasi nikaambiwa niandike.
Nikaandika: picha ya kwanza, mtaa mtupu, theluji ya samawati.
Picha ya pili, mkono unafuta kioo.
Picha ya tatu —
Hallbera akasema, futa. Nikafuta.
Vumbi la ufutio likaelea kwenye kahawa yangu
na bado hatujakubaliana
mlango ufunguke kwanza au birika lichemke kwanza.

Mipango si matumizi, wanasema.
Waje waone matumizi ya mipango.
Betri hufa kwa baridi: zilale kwapani.
Kibali cha kuziba mtaa: karani anataka barua,
barua inataka muhuri,
muhuri uko likizoni mpaka baada ya Krismasi.
Úlfar wa sauti akauliza, jua linatoa sauti gani?
Tukacheka. Yeye hakucheka.
Theluji ikipata joto, alisema, paa hudondosha,
tone,
kimya,
tone, tone,
na bila hayo mtapata picha ya ukuta wa manjano tu.
Nikaongeza kinasa sauti cha pili, chini ya mfereji wa paa,
na bei yake pembeni, kwa herufi ndogo,
kama mtu anayenong'ona deni.

Jumamosi tukaenda kwa Sigurlaug kujaribu.
Ana miaka tisini na mmoja; macho yake
yanajua nuru na kivuli, mengine huyaulizia.
Kamera tuliiacha. Tulitaka kuhesabu hatua tu:
kutoka jiko hadi dirisha, kumi na moja na mkongojo.
Thorkell akapanda ngazi huko nje
na taa ya gereji, awe jua.
Akaiinua polepole, akitukana baridi kwa meno,
nami ndani nimeshika saa ya mayai.

Nuru ikavuka pazia, ikapita juu ya bakuli la sukari,
ikapanda gauni lake.
Sigurlaug akaweka kijiko chini.
"Ee," akasema, "umewahi mwaka huu,"
akaugeuza uso wote, taratibu,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Hakuna aliyethubutu kusema neno.
Úlfar alijiziba mdomo kwa kiganja.
Nje ngazi ikatetemeka, jua likayumba ukutani,
likapiga chafya.

"Na mafua juu yake," akasema Sigurlaug.
"Mwiteni aingie. Chapati za maji zipo."

Mpaka sasa sijui alijua nini, na tangu lini.

Usiku huu nimerudi kwenye karatasi. Picha ya saba:
Sigurlaug, dirisha, nuru.
Nimechora duara, duara halina pua.
Hallbera anataka tumwombe arudie vile vile.
Nikaandika "vile vile", nikafuta,
nikaandika, nikafuta,
hadi karatasi ikatoboka.
Tundu nimeliacha.
Siku arobaini na mbili zimebaki.
Kwenye orodha ya vifaa, chini ya lenzi na nyaya,
nimeongeza ngazi, taa ya gereji,
na vitambaa vya pua,
pakiti moja.