Hodi

Umeme umekatika, Wete,
nafundisha mtandao kwa chaki.
Nimechora simu ubaoni, kubwa kama mlango.
"Mgeni hupiga hodi mara ngapi?"
"Tatu!" "Asipoitikiwa?" "Hurudi kwao."
Basi huyu akuandikiaye saa sita za usiku,
hajulikani kwao wala ukoo,
anayetaka picha kabla ya salamu,
kapiga hodi wapi?
Wakacheka. Shaame akainamia daftari.
Na neno la siri, nikawaambia, si karafuu:
halianikwi barabarani.

Salhiya, kimya tangu muhula uanze,
akanyoosha mkono.
"Mwalimu, ile picha ya usafi wa Ijumaa
uliyoirusha kwenye kundi la wazazi,
mie mbele, kiatu kimeachama,
ulinipigia hodi?"

Chaki ikanikatikia vidoleni.

Umeme uliporudi niliifuta,
nikijua imeshalala kwenye simu arubaini
na moja iko Maskati, kwa shangazi wa mtu.
Asubuhi yake nilisimama nje ya darasa langu,
nikapiga hodi. Mara moja. Mara mbili.
Ya tatu niliikawiza:
wakinyamaza, itanibidi nirudi kwetu.