Kisanduku cha Kazi

Ofisi ya pasipoti, Punta Arenas, mwezi wa Juni,
theluji imeganda dirishani kama ukoko wa wali.
Karani, kijana, Nelson Mansilla kwa mujibu wa kibandiko kifuani,
ananiuliza bila kuinua uso: Kazi?
Kisanduku chenyewe hakizidi kidole gumba.

Niandike ipi, mwanangu?
Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilimenya kome kule Calbuco,
malipo kwa ndoo, si kwa saa,
na kisu kikanifunza: ganda likishaachia,
usiongeze nguvu.

Kisha sufu. Misimu sita bandani,
laini huku, ngumu huku, yenye kinyesi kule,
mikono ikinuka mafuta ya kondoo hata kanisani.
Edelmira Barría, jirani yangu wa meza, alikuwa na uongo mmoja
mtamu, kila siku uleule, kila siku umezidishwa chumvi,
nami nikiusahihisha kimoyomoyo.

Nikaosha maiti. Miezi minne tu. Hayo tuyaache.

Nikaketi kwenye ubao wa simu za mbali,
nyaya mapajani kama ushanga uliokatika.
Usiku mmoja mwanamume alipiga kutoka kisima cha mafuta,
akalipia dakika tatu, asitamke neno.
Mwanamke wa upande wa pili naye asikate.
Nilisikiliza (ndiyo, ilikatazwa) pumzi mbili
zikipishana kama watu ngazini.
Kimya kile nimekihangaikia miaka ishirini na sita;
sasa ni sura ya tisa, na bado hakijatulia.

Nikapika melini, nikafukuzwa.
Nikaolewa, kazi isiyo na mshahara wala kufukuzwa.
Nikauza bima ya mazishi mlango kwa mlango,
nikajua kutambua, kwa mlio wa sakafu tu,
aliyemo ndani na hataki kufungua.

Nyuma ya risiti za bima ndipo ilipoanzia,
kwa kalamu ya kampuni: sentensi moja.
Nikaifuta. Ikarudi,
kama paka uliyemtupa ng'ambo ya mto.
Nilikuwa na miaka hamsini na minane, meno ya mbele ya kununua.
Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mimi nimeinama umri mzima;
kumbe changu kilikuwa juu ya meza, kikingoja niketi.

Kitabu kilipotoka, binti wa Edelmira alinishika mkono sokoni:
"Mama hakuwa hivyo."
Akanyamaza. "Nikichukua nakala tano, utanipunguzia?"

"Bibi, foleni ni ndefu."
Naandika kwa herufi kubwa, uzee huu: MWAND—
na kisanduku kimekwisha.
Nelson anainua uso kwa mara ya kwanza.
"Mwandani?" anasoma. "Mwandani wa nani?"

Nawaza kome, nyaya, miguu baridi ya wale wa miezi minne.

"Si umesema foleni ni ndefu, mwanangu?
Piga muhuri."