Kiwanda Kisichofungwa

Saa nne usiku, Łódź, Februari.
Kazi yangu ni usukani na ndoo ya supu;
kazi ya Ludmiła ni mengine yote.
Yeye ndiye muuguzi, yeye ndiye anayechuchumaa.
Mimi nasimamisha gari, nazima taa kali,
maana Zenobiusz hapendi kumulikwa kama mwizi.

Anaishi kituo cha tramu, kile cha vioo,
kati ya tangazo la manukato na pipa la taka:
koti juu ya koti juu ya koti,
miguu ndani ya mifuko ya duka la mkate.
Kichwani mwake mitambo inafuma.
Miaka ishirini na sita alifuma pamba,
kisha kiwanda kikafungwa, kikageuka maduka na sinema,
na hakuna aliyekumbuka kuizima ile ya kichwani.

Usiku wa kwanza nilimwambia, mimi mjinga,
"Mzee, hakuna mtambo hapa. Sikiliza. Kimya."
Akanitazama kama mtu amtazamavyo mtoto
anayekana upepo kwa kuwa hauoni.
Hakusema nami hadi Pasaka.

Ludmiła hakubisha. Aliuliza:
"Leo inakwenda kasi gani?"
"Kasi mno. Uzi unakatika."
"Na nani anaunga?"
"Mimi. Nani mwingine?"
"Basi kunywa kwanza, uunge baadaye."
Akanywa. Nikaviona vidole vyake
vikifunga fundo hewani, fundo dogo, thabiti,
ambalo mimi, na macho yangu mawili na leseni,
siwezi kulifunga.

Akili ni nywele, husemwa, kila mtu ana zake.
Zake walizinyoa hospitali, mara tatu,
sababu chawa,
na mara zote tatu wakamrudisha barabarani
na karatasi, na vidonge vya siku saba,
bila kofia.

Ofisi ya makazi ina kidirisha
na mwanamke nyuma yake, si mbaya, amechoka tu.
"Apate nafuu kwanza," akasema,
"anywe dawa miezi sita mfululizo,
ndipo tumtafutie chumba."
Ludmiła akaweka viwiko kwenye kidirisha.
"Vidonge vikilowa theluji, anywe uji wake?
Vikimletea usingizi, maana huleta,
alale fofofo wapi? Viatu nani amlindie?
Wewe, mama, ungepona umesimama?"

Tulirudi mara tisa. Mara ya tisa
fomu ilikuwa imejazwa kabla hatujaketi.

Chumba kiko juu ya duka la dobi.
Ufunguo mmoja, kamba nyekundu.
Wiki ya kwanza alilala sakafuni, mlango wazi.
Wiki ya pili tukamkuta kituoni, analia.
"Kule kimya," alisema. "Mitambo imesimama.
Watu wote wamefukuzwa kazi."

Sikuwa na neno. Ludmiła naye hakuwa nalo;
nilimwona akilitafuta, asilipate.
Akaketi benchini, bega kwa bega naye.
Tramu ya mwisho ikaja, wakaiacha ipite.
Supu ikaganda utando.
Baada ya muda mrefu akauliza:
"Hao waliofukuzwa, majina yao unayakumbuka?"

Akaanza. Jadwiga wa zamu ya usiku.
Bronek mwenye kikohozi. Felicja. Kostek.
Mietka, aliyeficha mimba chini ya aproni.
Nilihesabu hadi arobaini na kitu, nikapotea.
Alipokwisha kulikuwa kunapambazuka,
akasimama mwenyewe, akauliza gari liko wapi.

Siku hizi analala kitandani. Siku nyingine hapana.
Majina ameyaandika ukutani kwa penseli
na mwenye nyumba analalamika kuhusu rangi.
Mitambo imerudi, anasema, ila polepole.

Jana nilipanda na ndoo, Ludmiła akiwa likizo.
Hatukuzungumza. Alinivua koti
kama mtu amvuavyo mtoto,
akakishona kifungo kilichokuwa kikining'inia tangu Krismasi,
akakata uzi kwa meno.

Nimekivuta mara nyingi tangu jana.
Hakitoki.