Kisanduku cha Ndiyo

Fomu inauliza: umewahi kuzirai?
Ndiyo. Hapana.
Wino unanikaukia.

Mara ya kwanza, paredi ya shule, Chumbageni,
jua la saa sita, tumbo la Ramadhani;
nikaamka na mchanga mdomoni,
Mwalimu Semkiwa akinipepea kwa rejesta.
Ya pili, Bombo, nikichangia damu:
niliiona ikishuka mrijani.

"Weka hapana," kaka Hiza alisema. "Nani atajua?"
Mimi. Futi elfu tisa juu ya mikonge,
abiria kumi na wawili wakisinzia mgongoni kwangu.

Nikatia vema kwenye ndiyo.

Daktari akanifunga kitandani, akakisimamisha kitanda.
Dakika arobaini nikitazama feni mbovu.
Akaandika kitu. Hakunisomea.

Nje, ndege ya saa nane ikapita juu ya Majani Mapana.
Niliitazama
nimesimama.