Mkono wa Kushoto wa Emőke

Siku ya kwanza alikifunika kipanya changu kwa kikombe,
kikombe cha kahawa, machicha bado yamo.
"Kimelala," akasema Emőke. "Usikiamshe mpaka saa sita."
Nje, Szeged ilikuwa nyeupe, tramu zikikwaruza theluji,
na mimi, Vencel, shahada mpya mfukoni,
nikabaki na vidole kumi kama mtu aliyeazimwa mikono.

Herufi moja, ukuta. Herufi mbili, mlango.
Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, mtoro,
ukigonga kitufe cha pembeni
kama mlevi anayebisha kwa jirani.
Kufikia Machi ulinitangulia:
nikiwaza dirisha, dirisha lipo.

Matabaka aliyapa majina kabla hajachora hata mstari:
kuta zinazobeba, kuta zisizobeba, maji safi, maji taka,
samani, na mti mmoja wa jirani usioruhusiwa kukatwa.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
na mstari bila tabaka ni mali ya nani?
Mimi nilikuwa na tabaka moja liitwalo "mengineyo".
Humo ndani mlikuwa na nusu ya jengo.

Chekechea ya Rókus: madirisha arobaini na moja.
Niliyachora moja moja, kwa bidii ya mchwa.
Mteja akataka vizingiti vishuke sentimita kumi,
watoto waione bustani.
Emőke hakunisuta. Alifuta yote,
akatengeneza dirisha moja, mama, akalizalisha.
Alipomgusa mama, wana wote wakashuka pamoja
kama darasa lililoambiwa likae.

Kuna usiku rangi ya sakafu ilikataa kutulia chumbani,
ikamwagika hadi uani, hadi barabarani, hadi nje ya karatasi.
Tulitafuta saa mbili. Ufa: nusu ya milimita,
kwenye kona niliyoikadiria kwa jicho.
Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nilijenga upya kuta tisa.
Tangu hapo silitumi jicho kazi hiyo,
naacha mstari unase wenyewe kwenye ncha ya mwenzake.

Kuhifadhi faili hakuhitaji shairi.
Kila unapomeza mate, hifadhi.
Na jina lisiwe "mwisho", wala "mwisho kabisa",
wala "mwisho ndio huu".
Tarehe inatosha. Tarehe haijidai.

Wakati mwingine aliizima skrini
akanisukumia karatasi na penseli butu.
"Kama hujui ngazi inakwenda wapi, mashine nayo haijui,
ila itakuchorea upotevu wako
kwa usahihi wa tarakimu nane."
Ujanani alichora kwa wino, akilikwangua kosa kwa wembe
mpaka karatasi ikawa ngozi ya kitunguu.
Kosa la tatu, ikatoboka.
Hakuniambia alichora nini juu ya tundu lile.

Amestaafu. Kiolezo chake tunakitumia bado:
ukikifungua unakuta yote yamepangwa,
unene wa kalamu, skeli, upande wa kaskazini,
na ule mti wa jirani, alioacha kuuondoa
au aliokataa.

Jana nilipita chekecheani.
Choo cha watoto, upande wa mashariki:
nilinakili kile cha magharibi, nikakigeuza kama kwenye kioo,
kitufe kimoja, sekunde moja, nikaenda kunywa chai.
Mlango nao uligeuka. Unagonga sinki.
Kuna alama kwenye kauri, umbo la ukucha,
na mwalimu amekivisha kitasa soksi iliyojazwa pamba.

Vidole vyangu vya kushoto vilijikunja vyenyewe,
vikitafuta kitufe cha kutendua
hewani,
mbele ya watoto waliopanga foleni kunawa mikono.