Swali la Saba

Wifi yangu Aikaruwa, mwakani ni zamu yako,
basi sikia kabla sijasahau.

Usianze na shairi. Anza na swali.
Mwalimu Ndesario alitupigia kelele hiyo mwaka mzima,
kule Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga,
daftari zetu zimejaa vumbi la sembe,
naye akipandisha sauti kila mota ikipanda:
"Wameuliza muundo, wewe waeleza mtindo!
Maksi nne hizo zimekwenda kunywa mbege!"

Kisha hesabu mizani. Vidole chini ya dawati,
midomo ifunge, maana msimamizi
akiiona inacheza atadhani unanong'ona.
Mimi nilihesabu kama ninavyohesabu noti Kiboriloni,
kwa dole gumba, macho yako kwingine.

Na shairi lenyewe ligeuze nje ndani.
Unajua ninavyochagua blauzi belo likifunguliwa:
maua siyatazami. Natazama kwapa,
natazama mshono, natafuta kifungo kilichobadilishwa.
Kifungo kisichofanana na wenzake
ndicho kinachosema nguo ilivaliwa na nani.

Siku yenyewe ilikuwa Mei, matope hadi kwenye fundo la mguu.
Miaka thelathini na nne, dawati la mtoto,
magoti yanagonga ubao,
na wasichana wa shule wananiita mama
wakiniazima rula.
Nikafungua karatasi. Swali la saba:

    Hodi nimeshaibisha, mwenye nyumba amenuna,
    Koo limenikausha, baridi inanibana,
    Moto ndani kauwasha, moshi wake nauona,
    Ukimya kuudumisha, si kwamba ndani hamna.

Nane kwa nane. Sawa.
Vina vya kati sha, vya mwisho na. Sawa.
Mistari minne, tarbia, sawa.
Maksi hizo niliziokota
kama maparachichi yaliyoangushwa na upepo.

Halafu kipengele (c): Mwenye nyumba anawakilisha nani?
Toa ushahidi.

Mkono ukaanza wenyewe.
Kwa Mwalimu Ndesario kila mlango uliofungwa ni bepari,
kila baridi ni unyonyaji, kila moto
ni mapinduzi yanayokuja.
Nikaandika "tabaka ta"
nikasimama.

Amenuna.

Aikaruwa, tabaka halinuni.
Tabaka hufunga geti, hufukuza, huita mgambo.
Anayenuna ni mtu anayekujua.
Amesikia hodi, akajua ni hodi ya nani.

Nikakumbuka Kibosho, wiki ile tuliyomzika kaka yako.
Mimi mlangoni kwa mama yenu, kanga imelowa,
mtoto mgongoni, na moshi wa jikoni
unapenya kwenye matundu ya bati.
Nilibisha mara tatu. Nilimsikia mtu
akisogeza kigoda.
Nawe ulikuwa ndani. Ulikuwa na miaka tisa,
sikudai kitu kwako.

Nikakata yale maneno kwa mstari mmoja,
kama maelekezo yanavyotaka, bila kuchafua,
nikaandika: Ndugu.
Ushahidi: mshororo wa kwanza, neno la mwisho.
Nikaongeza la tatu, yule wa nje anauona moshi,
maana yake anaijua nyumba hiyo jiko lake liko wapi.
Mistari mitano tu. Kidogo nisahau
kuandika namba yangu ya mtihani.

Msahihishaji alinipa ngapi, sijui.
Matokeo huja na herufi moja tu,
hayasemi swali gani lilikubeba, lipi lilikuangusha.

Kwa hiyo ukifika hapo usiandike ulichokariri
kwa sababu tu mkono umekizoea.
Rudi kwenye mstari. Tafuta neno moja
lisilofanana na wenzake, likamate.
Ukikwama, acha nafasi, nenda swali la nane, rudi.
Usimwambie Ndesario niliyoyasema kuhusu bepari.

Na ubebe peni mbili.
Ya pili nitakununulia mimi,
pitia Kiboriloni siku ya gulio,
huna haja ya kupiga hodi.